Kikulacho ki Nguoni

Mimi si mwanajeshi. Ni msikilizaji wa redio wa miaka mingi, na msikilizaji naye ana haki ya kulalamika. Lalamiko langu ni jinsi tunavyohabarishwa juu ya watu wenye itikadi kali waliomo majeshini.

Tarehe 19 Aprili 1995 jengo la serikali lililipuliwa Oklahoma City, nchini Marekani. Watu 168 waliuawa, wakiwamo watoto 19. Vumbi halijatua, baadhi ya watangazaji walikwishataja Mashariki ya Kati. Siku mbili baadaye tukaambiwa mtuhumiwa ni Timothy McVeigh, mzaliwa wa huko huko, aliyepigana Vita vya Ghuba mwaka 1991 na kuvishwa nishani. Jeshi alikwishaliacha, lakini alipokuwa kambini aliwahimiza wenzake wasome riwaya ya chuki dhidi ya Weusi na Wayahudi. Mwenzake katika njama, Terry Nichols, walijuana huko huko jeshini. Hata hivyo, sikusikia mtu akiuliza ni dini gani iliyomlea McVeigh.

Tarehe 5 Novemba 2009, katika kambi ya Fort Hood, Texas, Meja Nidal Hasan, daktari wa magonjwa ya akili, aliua watu 13. Safari hii jina lilitangulia habari. Mpwa wangu wakati huo alikuwa akivaa sare ya jeshi hilo. Alimpigia simu mama yake, akasema: "Mama, huku tunaitwa kwa jina la ukoo. Leo langu limekuwa zito." Dada yangu hakulala usiku ule.

Mwaka 2011 ripoti ya kamati ya Baraza la Seneti ilieleza kwamba wakubwa na wenzake Hasan walikuwa wameziona dalili zamani. Wawili kati yao walimfananisha na bomu lililotegwa. Juu ya hayo alisifiwa kwa maandishi na kupandishwa cheo. Kwangu mimi, hiyo ndiyo iliyokuwa habari. Lakini barazani petu haikuzungumzwa hata siku moja. Jina la muuaji tulilijua sote; kalamu iliyomsifu hakuna aliyeiulizia.

Nisieleweke vibaya, ndugu msomaji. Simtetei muuaji, wala sisemi imani yake isichunguzwe. Nasema uchunguzi usiishie hapo. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema ki ngozini. Nguo ya askari ni sare, na anayeikagua ni mkubwa wake. Mwandishi anapokimbilia ngozi na jina, yule mkaguzi hupata pa kujificha, na kijana asiye na hatia hukaguliwa badala yake.

Baada ya Bunge la Marekani kuvamiwa tarehe 6 Januari 2021, na miongoni mwa washtakiwa kuonekana waliowahi kuvaa sare, Waziri wa Ulinzi Lloyd Austin aliamuru kila kikosi kitenge siku moja kuzungumzia itikadi kali. Siku moja si dawa. Lakini angalau siku hiyo swali liliulizwa kwa kikosi kizima, si kwa wenye majina fulani tu.

Mpwa wangu alikwishamaliza utumishi wake, salama. Dada yangu, hata hivyo, bado huzima redio jina likitangulia habari.