Kumsifu Fundi wa Shokapu

Anayepanda KTM RC 390 ya toleo la kwanza hatalalamikia injini. Silinda yake moja, yenye ujazo wa cc 373, ina nguvu ya kumfurahisha mtu yeyote anayependa kona. Atakacholalamikia ni barabara. Akifika kwenye rasta, vioo vya pembeni vitatetemeka mpaka daladala iliyo nyuma yake ionekane doa la rangi tu. Akivuka tuta, kishindo kitapanda kutoka kwenye kiti hadi shingoni. Akishuka atasema shokapu ni ngumu, na wengi huishia hapo: huyu anauza pikipiki, yule anaongeza sponji kwenye kiti. Wachache humtafuta fundi wa shokapu, na hao ndio hugundua kwamba lalamiko lao fupi limebeba hitilafu nne au tano tofauti, kila moja na dawa yake. Fundi huyo ndiye ninayetaka kumsifu hapa, kwa sababu kazi yake haionekani kwa macho na ni nadra kuandikwa.

Kwanza tumtendee haki aliyeiunda. RC 390 ilioneshwa Milan mwishoni mwa 2013, ikaingia sokoni 2014, ikitengenezwa na Bajaj huko Chakan, karibu na Pune, India. Shokapu zake ni za WP, kampuni iliyoanzishwa Uholanzi mwaka 1977 na Wim Peters na kujijengea jina kwenye motokrosi. Shokapu za mbele zina bomba la milimita 43 na zimegeuzwa, bomba nene likiwa juu na jembamba chini. Gurudumu la mbele lina nafasi ya kupanda na kushuka milimita 125, la nyuma 150. Vijana wa mashindano walipewa pikipiki ya jina hilihili wakimbizane nayo kwenye viwanja vya lami safi, na huko ugumu ni faida: ukibana breki pua haizami ovyo, ukiilaza kwenye kona haiyumbi. Tatizo ni kwamba kiwanda hakimjui mnunuzi. Springi moja inatakiwa imbebe binti wa kilo 50 anayekwenda chuo, na hiyohiyo imbebe baba wa kilo 95 aliyepakia mtu nyuma. Mhandisi analazimika kukisia, na kazi ya fundi inaanzia pale kisio lilipoishia.

Ndani ya shokapu kuna vitu viwili vinavyofanya kazi kubwa, springi na oili, na tabia zao ni tofauti kabisa. Springi ni mwaminifu kupita kiasi. Robert Hooke alichapisha kanuni yake Uingereza mwaka 1678: kadiri unavyoibana, ndivyo inavyosukuma, sawasawa na umbali uliouibana. Ila kila ulichoipa itakurudishia. Pikipiki yenye springi peke yake ingevuka tuta moja na kuendelea kunesanesa mita nyingi mbele. Oili ndiyo inayokata deni hilo. Inalazimishwa kupita kwenye matundu madogo, inashindana na mwendo, na nguvu ya kishindo inageuka joto. Gusa shokapu ya nyuma mara baada ya kutoka kwenye barabara mbovu utalisikia joto hilo kwenye kiganja. Sijawahi kuacha kustaajabia jambo hili: mashimo yote uliyoyapita yamo humo, yamekuwa uvuguvugu.

Fundi mmoja wa Ilala ninayempelekea kazi zangu haanzi na spana. Anaanza na geji ya upepo, kwa sababu tairi lililojazwa kupita kipimo linagonga kama springi ngumu, na kurekebisha hilo hakuna gharama. Akisharidhika na tairi, anabandika kipande cha tepu kwenye mkia wa pikipiki, juu kabisa ya ekseli ya nyuma, anachora alama kwa kalamu. Msaidizi ananyanyua nyuma mpaka gurudumu lining'inie. Anapima kutoka ekseli hadi alama, anaandika. Kisha anageuka kwa mwenye pikipiki:

"Vaa kila kitu, bosi. Helmeti, buti, hata begi la kompyuta kama huwa unalibeba. Halafu kaa unavyokaa barabarani, usikae unavyokaa kwa fundi."

Hapo ndipo ufundi unapoonekana. Hapimi mara moja. Anaikandamiza nyuma ya pikipiki, anaiachia ipande yenyewe taratibu mpaka itulie, anapima. Kisha anainyanyua kidogo, anaiachia ishuke taratibu mpaka itulie, anapima tena. Namba mbili hizo hazilingani, na wala hazitakiwi kulingana. Katikati yake ndipo pikipiki inapokaa kweli. Tofauti kati yake ni msuguano. Mbele anafanya vivyo hivyo, akiwa amefunga kamba nyembamba ya plastiki kwenye bomba la shokapu, ile ya kubania nyaya, ili imwoneshe gurudumu lilipanda hadi wapi. Tofauti ikiwa kubwa mno anajua kwamba ugumu unaolalamikiwa haumo kwenye springi wala kwenye oili. Umo kwenye sili zilizokauka, au kwenye shokapu za mbele ambazo hazisimami sambamba, kwa kuwa aliyefungua gurudumu mara ya mwisho alikaza ekseli huku shokapu moja imevutwa upande. Dawa yake ni kulegeza boliti zinazobana ekseli, kusukuma usukani chini mara kadhaa ili shokapu zijipange zenyewe, kisha kukaza upya. Nimewahi kuona pikipiki ikitoka hapo imebadilika, bila kipuri hata kimoja kununuliwa.

Kwa pikipiki nyingi za spoti za barabarani, mwendeshaji akikaa, shokapu hutakiwa kuzama kama milimita 30 hadi 35. Kipimo hicho kina maana. Gurudumu halipandi tu likikutana na tuta, linatakiwa pia lishuke likikutana na shimo, ili tairi lisiachie lami. Shokapu isiyozama kabisa haina pa kushukia: tairi linaning'inia hewani kwa kitambo kisha linatua kwa kishindo. Kwa hiyo anayetafuta raha ya mgongo na anayetafuta mshiko kwenye kona wanatafuta kitu kimoja, ingawa mara nyingi huzungumza kama mahasimu.

Kosa linalorudiwa kila siku ni lile la kuzungusha pete ya shokapu ya nyuma. Mwenye pikipiki anasikia ugumu, anachukua spana ya ndoano, analegeza pete hadi mwisho akitarajia ulaini. Pete hiyo haibadilishi ugumu wa springi hata chembe. Inabadilisha tu mahali springi inapoanzia kubeba mzigo. Mwenye mwili mwepesi aliyekuta shokapu haizami itamsaidia. Mzito atajiumiza zaidi, maana pikipiki yake sasa imekaa chini, nafasi iliyobaki ni ndogo, na kila shimo linamalizia kwenye raba ya mwisho wa shokapu. Raba hiyo ndiyo inayompiga mgongo. Anaondoka akilaani springi kuwa ngumu, kumbe ni laini mno kwake, na springi ngumu zaidi ndiyo itakayompa safari laini. Ukimwambia hivi mtu kijiweni hatakuamini. Fundi habishani naye, anamwonesha kamba ya plastiki, safari hii iliyofungwa kwenye fimbo ya shokapu ya nyuma, ilivyosukumwa hadi mwisho.

Tena kuna kipimo cha pili ambacho mafundi wazembe hukiruka. Mwendeshaji akishuka, pikipiki yenyewe inazama kiasi gani kwa uzito wake? Kama mwendeshaji akiwa juu kipimo ni sahihi, lakini akishuka haizami kabisa, springi ni laini na imekazwa kwa nguvu ili ifiche udhaifu wake. Ikizama sana bila mtu, springi ni ngumu kwa uzito wa mtu huyo. Namba mbili tu, na zinaamua kama kuna haja ya kununua springi au la. Fundi anayekuuzia springi bila kuchukua namba hizo anabahatisha kwa fedha yako.

Oili ina hila zake. Shokapu za mbele za pikipiki nyingi ndogo hupitisha oili kwenye tundu lisilobadilika ukubwa. Sukuma bomba la sindano lililojaa maji polepole, maji yanatoka bila ubishi. Lisukume kwa ghafla, linakushupalia mkononi. Kwenye tundu kama hilo, mwendo ukiongezeka mara mbili ukinzani huongezeka mara nne. Ndiyo maana pikipiki ileile huzama pua ukibana breki, jambo la mwendo wa polepole, halafu ikakupiga mikono ukigonga ukingo mkali wa shimo, jambo la kufumba na kufumbua. Ni laini na ngumu kwa pamoja. Anayemimina oili nzito ili kuzuia pua kuzama anauzidisha ule ugumu wa pili, na anayemimina nyepesi anaipoteza breki.

Baadhi ya waliohangaikia fumbo hilo wanastahili kutajwa. Kenth Öhlin alianzisha kampuni ya Öhlins huko Sweden mwaka 1976. Paul Thede alianzisha Race Tech huko California mwaka 1984, na miongoni mwa kazi zake ni vali zinazoingizwa kwenye shokapu za kawaida ili zifanye kazi ya shokapu ghali. Siri iko kwenye visahani vya chuma vilivyopangwa juu ya tundu, ambavyo hupinda na kulifungua pale oili inapokuja kwa kasi. Visahani hivi ni vyembamba mno, milimita 0.10, milimita 0.15. Kwa macho huwezi kuvitofautisha, na kwa kucha ni shida. Lakini ugumu wa kisahani hukua kwa unene wake mara unene mara unene, kwa hiyo kile cha 0.15 ni kigumu zaidi ya mara tatu kuliko cha 0.10. Fundi anavishika kimoja kimoja kwa mikromita, anavipanga juu ya kitambaa safi kwa mpangilio vilivyotoka, na hakuna anayemsemesha wakati huo. Punje moja ya mchanga kati ya visahani viwili inatosha kuharibu kazi yote.

Nimependa kumtazama akifungua shokapu za mbele za pikipiki iliyotembea miaka bila kuguswa. Oili inayotoka ni ya kijivu, inameta kwa unga wa alumini, na ina harufu nzito kama ya samaki aliyelala. Anaimwaga yote, anapampu mpaka tone la mwisho, anaosha, anakausha. Anapojaza mpya hatosheki na namba iliyoandikwa kwenye chupa, kwa kuwa oili ya 10W ya kampuni moja inaweza kuwa nzito kuliko ya nyingine yenye namba hiyohiyo. Kisha, springi ikiwa nje na shokapu imebanwa hadi chini, anapima kutoka ukingo wa bomba hadi uso wa oili. Pengo hilo la hewa ni springi nyingine isiyoonekana: ukilipunguza, mwisho wa safari unakuwa mgumu, ukiliongeza, unalegea. Milimita chache zinasikika barabarani. Wapo wanaomimina oili ya injini kwa kukadiria kwa macho, na kazi yao ndiyo iliyowafanya watu waamini kwamba shokapu hazitengenezeki.

Ufundi huu kwetu haukutoka kwenye mashindano. Umelelewa na bodaboda. Vijana wanaokesha wakinyoosha mabomba yaliyopinda na kubadilisha sili zinazovuja, ili mtu awahi abiria wa alfajiri, ndio wenye mikono inayojua bomba linapoteleza vizuri na linapokwama. Anayetoka kwenye shule hiyo, akaongeza futi, mikromita na daftari, anakuwa fundi wa shokapu aliyekamilika. Daftari ni muhimu sawa na spana. Fundi mzuri hubadilisha kitu kimoja tu, anakuandikia, anakutuma ukapite barabara ileile kwa mwendo uleule, urudi umweleze. Mwaka 2022 RC 390 ilipotoka upya, baadhi ya masoko yalipata shokapu za mbele zenye vifundo vya kurekebisha mwendo wa kubanwa na wa kurudi. Ni hatua nzuri, ila vifundo bila daftari ni njia ya kupotea haraka zaidi.

Pikipiki iliyopitia mikono hiyo haiwi kitanda, na haitakiwi kuwa. Tuta bado unalijua. Kinachobadilika ni kwamba kila mtikisiko unakuja mara moja na kwisha, kioo kinatulia na namba za gari la nyuma zinasomeka, na ukiingia kwenye kona yenye kiraka cha lami gurudumu linakipita bila kuruka pembeni. Hofu inapungua kwenye mabega. Mtu anaanza kuendesha kwa macho na vidole badala ya kuning'inia kwenye usukani.

Basi kama una pikipiki ndogo ya spoti inayokuumiza, usikimbilie duka la vipuri wala usiiuze kwa hasira. Pima upepo leo. Kesho ipeleke kwa fundi mwenye futi na daftari, ukiwa umevaa helmeti na begi lako mgongoni, umwache apime mpaka aridhike. Na muda alioutumia kupima umlipe kwa moyo uleule unaolipia springi mpya, hata kama mwishowe hakuna alichobadilisha zaidi ya kulegeza boliti na kuzikaza tena.