Sikio la Mteuzi: Uhakiki wa Kenya Special
Mkusanyo wa Kenya Special, uliotolewa na kampuni ya Soundway ya London mwaka 2013, umeziokoa nyimbo za bendi nyingi zisizovuma za miaka ya 1970 na 1980. Kazi hiyo yastahili sifa. Hata hivyo, kuteua ni kuhakiki. Hapa fani imetawala: gita na mdundo vimetangulia, maudhui yamebakia kwa wajuao lugha. Je, wimbo wa Kikuria upigwao kwa iritungu huko Ntimaru, usiomchezesha mgeni, utahifadhiwa na nani? Ketebul Music ya Nairobi ilionyesha njia mwaka 2008, ilipoitoa benga pamoja na kijitabu na filamu. Wimbo usioelezwa maneno yake umehifadhiwa nusu.