Uso wa Yuda katika Altare ya Wittenberg

Katika kanisa la Mtakatifu Maria, Wittenberg, imo picha ya Chakula cha Bwana, kazi ya Lucas Cranach Mzee na karakana yake, iliyowekwa altareni mwaka 1547. Wanafunzi wameizunguka meza ya duara. Mmoja wao, apokeaye kikombe, ana sura ya Luther mwenye ndevu, kama alivyokuwa alipojificha Wartburg. Wazo hilo ni jema mno: washarika wamwone mtu wao mezani pa Bwana.

Lakini Yuda hakupewa uso wa jirani. Amevikwa njano, ameshika mfuko wa fedha, naye Bwana anamtia tonge kinywani. Mtazamaji hana haja ya kuuliza. Tena njano ilikuwa rangi ya alama ambayo Wayahudi walilazimishwa kuivaa katika miji mingi ya Ulaya. Na ukutani kwa nje, kanisa hilo hilo lina sanamu ya kuwadhihaki, iliyochongwa zaidi ya karne mbili kabla ya picha hiyo.

Hapa mchoraji ameiacha Injili. Katika Mathayo 26:22 kila mwanafunzi anajiuliza kama ni yeye. Na katika Yohana 13:28, hata baada ya tonge kutolewa, wenzake hawajafahamu. Kama usaliti ungalionekana usoni, nani angaliuliza? (Nasi katika maigizo ya Ijumaa Kuu humkunjisha Yuda uso tangu anapoingia.) Kasoro hii si ndogo, kwa maana picha yenyewe huwakabili watu wajao kuipokea Sakramenti. Ningalipenda Cranach ampe Yuda, badala ya mwenye kikombe, zile ndevu za Luther.