Mwendo kwa Amri Tatu: Jinsi Sheria za Fizikia Zilivyoandikwa na Wanafunzi wa Darasa la Sita

Programu ya kompyuta inayoonyesha mpira ukianguka haifundishi fizikia kwa sababu tu mpira umeonekana ukianguka. Katika Scratch, lugha ya kuandikia programu kwa kuunganisha vipande vya amri, iliyotolewa kwa umma na chuo cha MIT mwaka 2007, mwanafunzi anaweza kutumia amri moja iliyo tayari, ile inayotelezesha kitu kutoka nukta moja hadi nyingine kwa muda uliotajwa, na mpira ukashuka hadi chini kwa mwendo ule ule tangu mwanzo hadi mwisho. Mwenzake anaweza kuunda kigeu, yaani nafasi ya kumbukumbu iliyopewa jina na kutunza namba inayoweza kubadilishwa, akakiita "mwendokasi", kisha akaamuru namba hiyo iongezwe kiasi kile kile katika kila mzunguko kabla mpira haujasogezwa. Wa kwanza ametengeneza picha inayotembea. Wa pili ameandika sheria ya mwendo. Miradi mingi ya kufundisha sayansi kwa njia ya programu huishia kwenye kazi ya yule wa kwanza, na ndiyo maana inafaa kurejea kazi iliyofanywa Marekani na Andrea diSessa pamoja na wenzake, ambako tofauti hiyo ilichambuliwa kwa kina.

Chombo cha kwanza kilitokana na Logo, lugha iliyobuniwa mwaka 1967 na Wallace Feurzeig, Seymour Papert na Cynthia Solomon kwa ajili ya watoto, ambayo mhusika wake mashuhuri ni kobe, alama ndogo ya kwenye skrini inayosogea na kugeuka kwa amri. Kobe huyo aliifaa sana jiometri, lakini kwa fizikia alikuwa na kasoro: akiambiwa asogee hatua 50, husogea hatua 50 na kusimama, kana kwamba ulimwengu wake hauna inesha, yaani tabia ya kitu kuendelea na mwendo wake hadi kani, msukumo au mvuto wowote ule, iubadilishe. Kwa sababu hiyo alitengenezwa kobe mwingine, ambaye badala ya kupewa hatua alipigwa teke. Kila teke lilimwongezea mwendokasi kuelekea upande aliokuwa ameuelekea, na asipopigwa tena aliendelea na safari bila kusimama. Wanafunzi wa darasa la sita, wenye umri wa miaka 11 au 12, walipewa mchezo wa kumfikisha kobe huyo kwenye shabaha, na uchambuzi wa yale waliyoyafanya ukachapishwa na diSessa mwaka 1982.

Kobe akiwa anapanda wima kwenye skrini, na shabaha ikiwa upande wa kulia, wanafunzi walisubiri afike usawa wa shabaha, wakamgeuza kulia na kumpiga teke, wakitarajia akate kona ya nyuzi 90. Badala yake alikwenda mshazari, kwa nyuzi 45 pale teke la pili lilipolingana na la kwanza, na shabaha ikakoswa. Kosa hilo halikutokana na uzembe. Linatokana na imani kwamba kitu huenda kule kinakosukumwa, imani inayomtosha mtu kila siku anaposukuma meza au mkokoteni, kwa sababu msuguano huumaliza mwendo wa awali kabla msukumo mwingine haujafika. Palipo na inesha bila msuguano, mwendo wa kwanza haufutwi na teke la pili, bali miendo yote miwili hujumlishwa pamoja na pande zake. Aliyetaka kona kamili alipaswa kwanza kumpiga kobe teke la kinyume, lenye nguvu sawa na lile la mwanzo, ili mwendo wa kupanda uishe, ndipo ampige la upande.

Hata hivyo kobe huyo alikuwa bado kifaa kilichotengenezwa na watu wazima, na sheria yake ilifichwa ndani. Mabadiliko makubwa zaidi yalikuja na Boxer, mazingira ya kuandikia programu yaliyobuniwa na diSessa pamoja na Harold Abelson katika miaka ya 1980, na kuendelezwa katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Huko wanafunzi wa darasa la sita waliandika sheria yenyewe. Msingi ulikuwa kuukata muda katika vipande vidogo vilivyo sawa, kama midundo ya saa, na kueleza kinachotokea katika mdundo mmoja tu, kisha kuiachia kompyuta kazi ya kurudia. Kwa Kiswahili programu ya namna hiyo ingeandikwa hivi:

ongeza mwendokasi kwa mchapuko
sogea kwa mwendokasi
weka nukta

Mchapuko ni kiasi ambacho mwendokasi hubadilika katika kila mdundo, na huwa hasi pale unapovuta kinyume cha upande uliochaguliwa kuwa chanya. Uzito wa mistari hii mitatu huonekana mpira unaporushwa juu. Mwendokasi ukianza na 6 na mchapuko ukiwa hasi 2, midundo mitano ya kwanza huzaa mwendokasi wa 4, 2, 0, hasi 2 na hasi 4, na mpira huwa katika kimo cha 4, 6, 6, 4 na 0. Wanafunzi wengi, na hata watu wazima wengi, huamini kwamba kileleni kani mbili zimelingana, ile iliyourusha mpira na ile inayouvuta chini, na kwamba kwa kitambo hicho hakuna kinachoendelea. Programu haina mahali pa imani hiyo. Hakuna mstari unaouliza kama mpira umefika kileleni, wala mstari unaoizima kani ya uvutano mwendokasi unapofika sifuri. Ule mstari wa kwanza hutekelezwa pale juu sawasawa na ulivyotekelezwa chini, na ndio unaougeuza mpira. Mwanafunzi anayetaka kuitetea imani yake atalazimika kuandika amri ya ziada, na hapo ataulizwa amri hiyo inasimamia nini katika ulimwengu.

Bruce Sherin, aliyeshiriki katika utafiti wa Berkeley, alilinganisha fizikia inayoandikwa kwa aljebra na ile inayoandikwa kwa programu, akaonyesha kwamba aljebra huelekeza akili kwenye uwiano na usawa wa pande mbili, ilhali programu huielekeza kwenye mfuatano wa matukio na visababishi vyake. Tofauti hiyo ni ya maana mno kwa mwanafunzi wa umri huu, ambaye bado anauliza nini kinasababisha nini, na ambaye alama ya usawa humnyima jibu.

Kompyuta, hata hivyo, hutii sheria ya uongo kwa bidii ile ile inayotii sheria ya kweli. Mwanafunzi akiandika kwamba kitu husimama kani inapoondolewa, programu itakimbia bila kulalamika. Nukta za skrini hazina budi kulinganishwa na kipimo, na kipimo kilichokuwapo zamani ni kile cha Galileo, aliyeeleza katika kitabu chake cha mwaka 1638 kwamba kitu kinachoanza kuanguka kutoka utulivuni husafiri, katika vipande vya muda vilivyo sawa, umbali unaofuatana kama 1, 3, 5, 7. Programu ile ya mistari mitatu, ikianza na mwendokasi wa sifuri na mchapuko wa 2, hutoa 2, 4, 6, 8.

Mwalimu asiifiche tofauti hiyo, kwa kuwa ndiyo sehemu yenye rutuba kuliko zote. Hitilafu inatokana na kutumia mwendokasi wa mwisho wa mdundo kana kwamba ulikuwapo mdundo mzima. Kitu kinachoanguka kwa mchapuko wa mita 9.8 kwa sekunde kila sekunde hushuka mita 4.9 katika sekunde ya kwanza. Programu yenye midundo ya sekunde 0.1 hutoa mita 5.39, na ikipewa midundo ya sekunde 0.01 hutoa mita 4.949, yaani mdundo ukipunguzwa hitilafu nayo hupungua. Kazi hii haihitaji kompyuta kwa kila mtoto, kwani midundo kumi ya kwanza huweza kuhesabiwa kwa penseli kwenye jedwali la safu tatu, na katika shule yenye kompyuta chache huenda ni bora ianzie hapo.

Kuna pia suluhisho lisilohitaji kupunguza mdundo. Programu ile yenye mchapuko wa 2 ikianza na mwendokasi wa hasi 1 badala ya sifuri, mdundo wa kwanza huupandisha hadi 1, ambao ni nusu ya mchapuko na ndio wastani halisi wa mwendokasi katika kipande hicho cha muda. Umbali hufuatana kama 1, 3, 5, 7, na jumla zake huwa 1, 4, 9, 16. Mwanafunzi aliyefika hapo anapokutana na mlinganyo wa kitabuni, unaosema kwamba umbali ni nusu ya mchapuko ikizidishwa kwa muda uliozidishwa kwa wenyewe, anaitambua nusu iliyomo, kwa kuwa ameshalazimika kuitafuta.