Land Cruiser 70: Toyota walivyoirudisha bila kuivunja

Tarehe 29 Novemba 2023 Toyota walianza tena kuuza Land Cruiser 70 nchini Japani. Gari hilo lilizaliwa Novemba 1984, likaondolewa katika soko la nyumbani mwaka 2004, likarudishwa kwa muda mfupi mwaka 2014 kuadhimisha miaka 30 ya kuwapo kwake, kisha likatoweka tena. Mnunuzi wa Japani alitakiwa kutoa yeni milioni 4.8 kwa gari lenye pande bapa, kioo cha mbele kilichosimama karibu wima na taa za duara, na wanunuzi walijitokeza kwa wingi. Ningependa tulifungue gari lenyewe na tuangalie mafundi walichobadilisha na walichokataa kukigusa, maana hapo ndipo ilipo siri ya kurudi kwake.

Kwanza, gari hili halikufa. Mwaka 2004 sheria za Japani za moshi wa dizeli zilikuwa zimekaza, hasa kwa miji mikubwa, na injini iliyokuwamo haikuweza kuzitimiza. Uzalishaji uliendelea kwa ajili ya Australia, Afrika na nchi za Ghuba. Kwa hiyo chesisi, bodi, ekseli na vipuri vyote vilikuwa vikitoka kiwandani kila siku huku Wajapani wenyewe hawawezi kuvinunua. Hilo lilipunguza sana gharama za kulirudisha. Land Rover hawakuwa na bahati hiyo. Walifunga uzalishaji wa Defender ya zamani pale Solihull tarehe 29 Januari 2016, na ile waliyoizindua mwaka 2019 ni gari jingine kabisa: bodi ya alumini isiyo na chesisi ya pekee, kila gurudumu na springi zake, na kiwanda kiko Slovakia. Linapita pagumu, sikatai, ila kilichorudi pale ni jina. Ford nao walikaa bila Bronco kuanzia 1996 hadi ilipotoka ya mwaka 2021, wakaijenga juu ya msingi unaohusiana na pikapu yao ya Ranger.

Toyota waliacha mifupa kama ilivyo. Chini kuna chesisi ya ngazi, yaani boriti mbili ndefu za chuma zilizounganishwa kwa vyuma vya kukatiza, na bodi imefungwa juu yake kwa bolti na mipira. Mbele na nyuma kuna ekseli nzima isiyokatika katikati. Gurudumu moja likipanda jiwe, ekseli yote huinama, jingine hushuka kutafuta ardhi, na nafasi iliyo chini ya difu haipungui kwa sababu difu hupanda pamoja na magurudumu. Kwenye lami mpangilio huu ni mzito na unatikisa, lakini kwenye korongo sijaona ulioushinda kwa gharama hiyo. Springi za mbele ni za koili tangu mabadiliko ya 1999, na za nyuma bado ni zile za vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, zinazobeba mzigo mzito bila kulalamika. Hakuna difu ya katikati: barabarani unaendesha kwa magurudumu ya nyuma, ukifika kwenye tope ndipo unaingiza ya mbele, na difu zote mbili zinaweza kufungwa ili hata gurudumu lililo hewani lisiyanyime mengine nguvu.

Kilichobadilika sana ni injini, na hapo kazi ilikuwa nzuri. Kuanzia 2007 soko la Australia lilikuwa na V8 ya dizeli ya lita 4.5 iliyopendwa kupita kiasi. Katika gari hili ilitoa kilowati 151 na msokoto wa newton-mita 430. Toyota wakaleta injini ya silinda 4 ya lita 2.8, ile ile iliyokuwa tayari ndani ya Hilux na Prado tangu 2015. Inatoa kilowati 150 na newton-mita 500. Nusu ya silinda, karibu theluthi mbili ya ujazo, nguvu ile ile, na msokoto zaidi. Inawezekanaje? Tabo yake ina mapezi yanayobadilisha pembe, hivyo inaanza kusukuma hewa mapema injini ikiwa bado inazunguka taratibu, na dizeli inaingia kwa shinikizo kubwa kupitia nozeli zinazoongozwa na kompyuta, kwa vipimo vidogo vidogo vinavyopigwa kwa wakati wake hasa. Msokoto wote unapatikana kuanzia mizunguko 1,600 kwa dakika. Kwa anayepanda mlima akiwa na mzigo, hiyo ndiyo namba ya kuangalia, si idadi ya silinda.

Nyuma ya injini hiyo wakafunga giaboksi ya otomatiki ya gia 6. Wapo waliochukia, lakini naona ulikuwa uamuzi sahihi kwa Japani, ambako madereva wengi wana leseni za otomatiki tu. Kwa ajili ya moshi wakaongeza mfumo wa urea unaosafisha gesi kabla hazijatoka kwenye ekzosi. Toleo la 2014 lilisajiliwa kama gari la mizigo. Hili la sasa ni la abiria, hivyo springi za nyuma zikalainishwa. Kamera ya kuonya kabla ya kugonga nayo ikawekwa. Lakini usukani umebaki wa haidroliki, hauna mota ya umeme ya kuugeuza, na kwa hiyo usitarajie gari hili lijishike lenyewe katikati ya mstari wa barabara. Ukiamua kuacha mifupa, kuna teknolojia ambazo mifupa hiyo haizipokei.

Kuna kasoro moja isiyosameheka. Ili V8 iingie mwaka 2007, sehemu ya mbele ilipanuliwa, na ekseli ya mbele ikapanuka pia. Ya nyuma haikuguswa. Matokeo yake magurudumu ya nyuma yamekaa ndani kuliko ya mbele kwa karibu sentimita 10 ukijumlisha pande zote mbili. Kwenye mchanga au tope, gurudumu la nyuma halifuati njia iliyokwisha kushindiliwa na la mbele. Linachimba njia yake, na nguvu inapotea. Huko Australia zipo karakana zinazoishi kwa kurekebisha tatizo hilo tu. V8 imeondoka, mwanya wa kulisahihisha ukapatikana, na Toyota hawakuutumia. Kwa kampuni yenye sifa ya kusahihisha kila kitu kidogo kidogo, hilo linaudhi.

Afrika Mashariki mvuto wa gari hili hauna uhusiano na kumbukumbu za ujana. Mombasa linaunganishwa katika kiwanda cha AVA. Arusha karakana zinakata chesisi, zinairefusha, zinaweka viti zaidi na paa la kufunguka kwa ajili ya watalii wa Serengeti na Ngorongoro, na chesisi ya ngazi ndiyo inayoruhusu kazi hiyo. Bodi isiyo na chesisi ukiikata namna hiyo umeiua. Na yaliyo mengi humu yanatumia injini ya 1HZ: silinda 6, lita 4.2, haina tabo, pampu yake ya dizeli ni ya kimakanika, nguvu farasi kama 130 tu. Ni mvivu mlimani na inakunywa. Lakini fundi wa Loliondo au Lodwar anaifungua kwa spana alizonazo, na dizeli ikiwa na maji kidogo au uchafu inavumilia muda mrefu kuliko nozeli za kisasa, ambazo matundu yake ni membamba mno.

Hilo ndilo la kuzingatia sasa, kwa sababu Japani wanaendesha upande mmoja na sisi, na magari yao yaliyotumika huishia kwenye bandari zetu. Matoleo haya ya 2.8 yatashuka Dar es Salaam na Mombasa, yakiwa na sura ile ile tuliyoizoea. Sura isikudanganye. Kabla hujalipa, hakikisha pale unapoishi urea inapatikana mwaka mzima, maana tangi lake likiisha gari litagoma kuwaka. Hakikisha yupo fundi mwenye kompyuta ya kusoma mfumo wa injini, si mwenye uzoefu wa 1HZ pekee. Badilisha filta ya dizeli mapema kuliko kitabu kinavyosema, na toa maji kwenye kitenganishi mara kwa mara. Kama safari zako ni za Nairobi hadi Nanyuki, au Dodoma hadi Iringa, chukua la 2.8 na utalifurahia. Kama kituo chako cha mafuta ni pipa na mpira wa kunyonyea, tafuta 1HZ.