"Ubaguzi wa Rangi": Neno Moja, Dhana Mbili

Miongoni mwa istilahi za elimu-jamii zilizokwisha kuenea katika magazeti na vitabu vya shule ni "ubaguzi wa rangi". Kwa istilahi hii wafasiri hutaja chuki ya mtu kwa mwenzake, na pia siasa ya Makaburu wa Afrika Kusini iliyokoma mwaka 1994, na pia mpango mzima wa utawala wa kikoloni. Mzigo huu, kwa maoni yetu, umezidi.

"Ubaguzi" limetokana na kitenzi "kubagua", na kitenzi hicho hudai mtenda. Msomaji basi humtafuta mbaguzi. Hilo lawafaa wataalamu wa mkabala wa kifasiri, wachunguzao maana ambazo watu wenyewe huipa rangi. Lakini wale wa mkabala wa kimuundo, kama Eduardo Bonilla-Silva katika makala yake ya mwaka 1997, hushikilia kwamba jamii yaweza kugawa vyeo, mali na heshima kwa rangi pasipo kutegemea chuki ya mtu yeyote.

Tuchukue mfano wa Iringa. Mwishoni mwa miaka ya 1950 ilijengwa huko shule ya watoto wa Kizungu, ambayo baadaye ikawa Shule ya Mkwawa. Mtoto wa Kiafrika wa Idodi hakuhitaji kutukanwa na mtu ili aikose. Mpango wa elimu uliotenga Wazungu, Waasia na Waafrika, hadi ulipounganishwa mwaka 1962, ulitosha. Mwalimu akieleza habari hii kwa neno "ubaguzi" peke yake, wanafunzi watadhani kosa lilikuwa la mwalimu mkuu mwenye roho mbaya.

Hata hivyo, muundo si kila kitu. Kura tatu za mwaka 1958 na 1959 zilimlazimisha mpiga kura kuchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu. TANU iliukubali utaratibu huo Tabora, Januari 1958, ikaupa maana yake yenyewe kwa kuwaunga mkono Waasia na Wazungu walioafikiana nayo, ikashinda. Muundo peke yake hauelezi ushindi huo.

Twapendekeza basi "ubaguzi wa rangi" ubaki jina la tendo, na "mfumo wa ubaguzi wa rangi" liwe jina la muundo. Mfasiri wa sheria akiyachanganya, mahakama itamtafuta mwenye chuki. Asipoonekana, mlalamikaji atarudi mikono mitupu.