Onyesho la Cinna

Kwa miaka mingi, kila nilipotaka kuwaonyesha wanachuo wangu wa ualimu jinsi maneno yanavyogeuza nia za watu, nilichukua tamthilia ya Shakespeare, Julius Caesar, ambayo tafsiri yake ya Kiswahili iliyofanywa na Mwalimu Nyerere ilichapishwa mwaka 1963. Tulisoma hotuba mbili za mazishini, kisha tukafunga kitabu. Leo nakiri kwamba tulikifunga mapema mno.

Brutus ndiye anayeanza. Anaeleza kwa mpangilio kwa nini amemuua Caesar: ili Roma isitawaliwe na mtu mmoja. Umati unashangilia, na papo hapo mmoja anataka Brutus awe ndiye Caesar! Maana yake hoja haikuingia hata kidogo.

Antony hatoi hoja. Anauliza. Anataja wosia, kisha anakataa kuusoma hadi watu wenyewe waudai. Anaomba ruhusa yao ashuke, anawataka waizunguke maiti. Kila hatua wao ndio watendaji, na mwishowe wanaamini kwamba hasira ile wameizaa wenyewe.

Mwanasaikolojia Kurt Lewin aliligusa jambo hilo huko Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili, alipotafuta namna ya kuwashawishi akina mama wapike nyama za ndani, kama moyo na figo. Kati ya waliohutubiwa, asilimia 3 tu walizipika; kati ya waliojadiliana na kuamua pamoja, asilimia 32. Mtu hulishika lile aliloshiriki kuliamua. Lakini akina mama wale walipewa nafasi ya kujadiliana. Umati wa Roma ulipewa maswali ambayo majibu yake Antony alikwisha kuyachagua.

Ndipo linapofuata onyesho fupi ambalo sisi walimu huliruka. Umati unakutana njiani na mshairi Cinna, mwenye jina moja na mmoja wa wauaji. Anajitetea kwamba yeye ni mshairi. Basi auawe kwa mashairi yake mabaya, wanasema, na wanamrarua.

Nami nilipata kuwa Antony. Nikiwa mkuu wa chuo, fedha za chakula cha wanachuo zilipotea. Nilisimama mstarini asubuhi, na sikumtaja mtu. Niliuliza tu: ni nani siku hizi ana viatu vipya? Ni nani hakuwa bwenini juzi usiku? Wakajibu wenyewe. Jioni kijana mmoja alipigwa na wenzake hadi akazimia. Alipopata nafuu alifunga sanduku lake, akaondoka, hakurudi tena. Fedha zilionekana baada ya siku chache, ndani ya bahasha, katika mtoto wa meza yangu mwenyewe.

Ndugu mwalimu, wafundishe vijana hotuba ya Antony, kwani ni nzuri. Ila usifunge kitabu kabla Cinna hajafa.